PIKIPIKI ZA PORINI ZA MTUMBA: NAMNA YA KUIFUFUA NA KUITUNZA HAPA DODOMA

Kuna aina moja ya pikipiki ambayo ukikaa Dodoma lazima umeshaiona: ndefu, madigadi ya mbele imekaa juu mbali na tairi, tairi zenyewe za vinundu, na mlio wake si ule wa bodaboda. Yamaha DT125, Yamaha AG100, Honda XL125, Suzuki TF125. Wazee wanaziita pikipiki za bwana shamba au za miradi, kwa sababu ndio waliokuwa nazo: mabwana shamba, watu wa afya, wachungaji, watu wa misitu. Zikichakaa zinapigwa mnada, na hapo ndipo sisi tunapoingia.

Naandika haya kwa sababu vijana wengi wananunua chuma hiki kwa hela ya kwanza ya maana waliyoishika maishani, halafu baada ya miezi mitatu kuku wanatagia juu ya siti. Na mara nyingi kinachowaponza ni kimoja: wanaanza na rangi, siti na stika, wakati kinachoua injini hapa kwetu ni vumbi linaloingia pamoja na hewa. Hata injini iliyotembea kilomita nyingi inaweza kudumu kama filta yake ni nzima, na injini mpya kabisa inaweza kufa kwa msimu mmoja wa kiangazi kama filta haipo.

Kwanza tuweke jina sawa. Ukitafuta kwenye intaneti utakutana na neno "trials". Ule ni mchezo wenye asili ya Uingereza: unapanda mawe na makorongo polepole, na kila mguu ukigusa chini unahesabiwa pointi ya adhabu. Mwaka 1965 Sammy Miller alishinda yale mashindano ya siku sita ya Scotland akiwa na Bultaco ya Hispania, na tangu hapo pikipiki ndogo nyepesi zikawa ndizo za mchezo ule. Hizo usitegemee kuzikuta mnadani Dodoma. Tulizonazo ni binamu zao, "trail", ukoo ambao kwa Yamaha ulishika kasi na DT-1 ya mwaka 1968: unaweza kutembea nayo barabarani na porini pia. Ila ukiipitisha kwenye makorongo ya Kondoa, yale yaliyofanya serikali ianzishe mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO mwaka 1973, utakuwa unacheza mchezo wa Waskoti bila kulipa kiingilio.

KARATASI KABLA YA SPANA

Pikipiki ya mradi wa wafadhili ilikuwa na namba za DFP, ya halmashauri ilikuwa na SM. Namba hizo haziuzwi pamoja na pikipiki. Baada ya mnada inatakiwa isajiliwe TRA kwa jina la aliyenunua, ndipo na wewe uhamishiwe. Kwa hiyo mtu akikwambia "kadi ipo nyumbani, nitakuletea", mwambie na hela ipo nyumbani. Piga magoti, futa vumbi kwenye shingo ya fremu, soma namba ya chesesi herufi kwa herufi ukilinganisha na kadi. Halafu namba ya injini. Wapo waliotoa injini ya Yamaha wakafunga ya Kichina aina ya CG125 kwenye fremu ya DT. Si dhambi, spea zake zimejaa mjini, lakini kadi inatakiwa iseme hivyo hivyo, la sivyo siku ya trafiki utaeleza mpaka jua lizame.

Ukifika kwa muuzaji shika bloku kwa mkono kabla ya kusalimiana sana. Kama ni ya moto, ameiwasha mapema ili usijue inavyosumbua ikiwa baridi. Subiri ipoe. Sukuma kiki kwa mkono taratibu: inatakiwa ikatae kidogo, halafu iachie. Ikiteremka kama kisu kwenye siagi, ringi au bloku imekwisha. Simamisha gurudumu la mbele hewani, lisukume kushoto na kulia. Likicheza kwenye ekseli ni beringi, na kama usukani unakwama katikati ujue gololi za shingo zimechimba.

HEWA

Hapa tukae kidogo.

Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, mvua tunapata msimu mmoja tu, kama Desemba hadi Aprili, halafu ni ukame na upepo. Vumbi letu ni laini kama unga. Sasa DT, AG na TF zile za kawaida ni injini za two-stroke, yaani hazina valvu kama za gari. Hewa na petroli kutoka kwenye kabureta haziendi moja kwa moja juu ya pistoni. Zinapita kwanza chini, kwenye chumba cha kranki, ndipo zinapandishwa. Maana yake vumbi likipenya linaanza kula beringi za kranki na ya konrodi, halafu ndio linakwenda kukwaruza bloku na ringi. Unaua vyote kwa mkupuo. Kwenye XL, ambayo ni four-stroke, vumbi linakula bloku kisha linachanganyika na oili na kuizungusha injini nzima kama msasa.

Filta ya hizi pikipiki kwa kawaida ni sponji. Ukinunua ya mtumba fungua boksi la filta siku hiyo hiyo. Mara nyingi utakuta mambo matatu: sponji imeoza inabomoka, au hakuna kitu kabisa, au kuna kipande cha godoro. Godoro si filta. Matundu yake hayajatengenezwa kupitisha hewa na kushika vumbi, na likilowa petroli linavunjika vipande vinavyokwenda kuziba kabureta. Tafuta sponji halisi ya filta, hata kama ni ya pikipiki nyingine, ukate kwa kipimo, mradi kingo zikae bila upenyo.

Kuisafisha: ioshe kwa mafuta ya taa, ikamue kwa kuibana kati ya viganja, usiisokote kama nguo. Halafu maji ya sabuni, suuza, anika kivulini mpaka ikauke kabisa. Petroli usitumie, inaharibu gundi, na mtu mwenye sigara hakosekani karibu. Ikishakauka ipakeze oili, ibane tena mpaka isidondoshe. Oili hiyo ndiyo inayonasa vumbi. Sponji kavu inapitisha. Kingo zinazokaa kwenye boksi zipake grisi. Kiangazi, kama unatembea njia za Farkwa au Hombolo kila siku, fanya hivyo kila wiki. Ni kazi isiyofika saa moja.

Baada ya filta angalia mpira unaounganisha boksi na kabureta, na ule wa kabureta na injini. Inapasuka kwa uzee, na ufa unajificha kwenye mikunjo. Dalili yake: ukiachia resi injini inachelewa kushuka, inabaki inalia juu. Wasiojua wanafikiri imepata nguvu. Ni hewa ya wizi inaingia, petroli inakuwa kidogo, pistoni inapata joto, siku moja ukiwa kasi inagandia kwenye bloku na tairi la nyuma linafunga. Utaanguka. Ikitokea unahisi nguvu inakatika ghafla, kamata klachi mara moja kabla ya jambo lingine lolote.

Hewa ya wizi inaweza kuingia pia kwenye oili sili ya kranki upande wa magineti. Na sili ya upande wa klachi ikifa inanyonya oili ya gia: moshi mweupe hauishi na oili ya gia inapungua bila kuonekana inapovujia. Sili ni kitu kidogo, ila mafundi wengi wanakimbilia kuchonga bloku kabla ya kuziangalia. Mwambie fundi aanze na sili.

OILI

DT na AG zina tangi dogo la oili peke yake, na pampu inayochanganya yenyewe. Wamiliki wengi wa nyuma waliing'oa pampu. Uliza! Kama imeng'olewa, lazima uchanganye mwenyewe kwenye petroli: mililita 40 kwa kila lita, yaani moja kwa 25. Iwe oili ya 2T, siyo ya gari, na oili chafu ya gereji usithubutu. Kama pampu ipo, hakikisha mrija hauna mapovu ya hewa na waya wake unavutika pamoja na resi. Oili ya gia ni nyingine kabisa, iko chini, usizichanganye.

XL na zile za CG: oili ibadilishwe kila kilomita 1,000 hivi kwa mavumbi yetu. Honda nyingi ndogo za zamani hazina filta ya karatasi, zina chujio la waya na kikombe kinachozunguka ndani ya kava la klachi. Kikombe hicho ukikifungua kwa mara ya kwanza utakuta tope jeusi gumu. Likwangue. Kijiti cha kupimia, kwa hizo Honda, unakichomeka bila kukifunga nati, ndipo unasoma.

BLOKU IKISHAKWISHA

Usipeleke bloku kuchongwa kabla ya kununua pistoni. Pistoni kubwa za Yamaha zinapanda kwa 0.25, 0.50, 0.75 mpaka milimita 1.00. Nunua kwanza, fundi apime pistoni yenyewe, achonge kuifuata. Kwa two-stroke mwambie apunguze makali ya kingo za matundu kwenye bloku, la sivyo ringi itanasa na kuvunjika. Mshale ulioko juu ya pistoni uelekee kwenye ekzosi, na midomo ya ringi ikae kwenye vipini vyake. Kwa Honda maandishi IN yanaelekea upande wa kabureta. Ukishafunga, kilomita 500 za kwanza usiibane resi hadi mwisho na usibebe magunia.

Umeme nautaja kwa ufupi. Nyingi za zamani ni volti 6, balbu ya volti 12 itawaka kama kibatari. Zenye platini, acha nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4. Plagi, 0.6 hadi 0.7.

CHINI

Watu wanafufua injini, halafu breki wanaziacha vile vile. Kumbuka hii pikipiki ndiyo itakayoitwa usiku kumpeleka mama mjamzito zahanati, na ikishuka mteremko na watu wawili inahitaji kusimama. Breki zake nyingi ni za ngoma. Fungua gurudumu, toa vumbi kwa kitambaa chenye maji, usilipulize kwa mdomo, maana pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na hiyo inaharibu mapafu. Kama mkono wa breki kwenye ngoma unalala mbele sana ukikanyaga, pedi zimekwisha hata kama nati bado inakazika.

Cheni isiogeshwe oili nyingi. Oili na mchanga vikikutana vinasaga meno. Paka oili ya gia kidogo, zungusha, futa iliyobaki nje. Ilegee sentimita 2 hadi 3 ukiwa umeikalia. AG100 ina boksi linalofunika cheni yote, na kama bado lipo usilitoe kwa ajili ya urembo. Lilitengenezwa kwa ajili ya mashamba kama yetu. Spoku zigonge kwa spana ukizunguka gurudumu. Inayolia "tap" badala ya "ting" imelegea.

Tairi za DT125 na XL125 kwa kawaida ni 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma. Ile ya inchi 21 haipatikani kila duka la bodaboda, ukiiona nunua uweke. Miiba ya migunga haina huruma, kwa hiyo tembea na pampu, viraka, gundi na vyuma viwili vya kubandulia tairi. Kwenye mchanga wa makorongo punguza upepo kidogo, ila usishuke chini ya psi 15, tyubu itateleza na kung'oa vali.

Masika yakianza na mbuga nyeusi ikalowa, utaelewa kwa nini madigadi ile imewekwa juu: za chini zinajaa tope mpaka gurudumu linagoma. Ukivuka maji marefu, ngambo ya pili fungua kwanza boksi la filta uone kama maji yameingia, ndipo uwashe. Injini ikimeza maji na ukalazimisha kiki, konrodi inapinda. Breki nazo zikaushe kwa kuzikamata kidogo kidogo ukiwa unatembea pole.

Na ukiilaza usiku funga koki ya petroli. Sindano ya kabureta ya mtumba mara nyingi inavuja, na kwenye two-stroke petroli inashuka mpaka chumba cha kranki. Asubuhi utapiga kiki mpaka jasho likutoke, plagi imelowa, majirani wanakuangalia. Ikitokea hivyo funga koki, toa plagi, piga kiki mara kadhaa tundu likiwa wazi na moto ukiwa mbali, kausha plagi, rudisha.