Kinanda Nacho Kilikataliwa

Ubishi kuhusu muziki makanisani haujaisha, na sidhani kama utaisha wiki hii. Katika sharika nyingi za mijini wazee wanalalamika kwamba vijana wamegeuza nyumba ya ibada kuwa ukumbi wa dansi: magitaa, vipaza sauti vikubwa, na vinanda vya umeme vyenye midundo ya ngoma iliyokwishatiwa ndani. Vijana wanajibu kwamba bila hivyo watu watasinzia. Wazee wakibanwa sana husema muziki wa kanisani unajulikana: ni kinanda cha mabomba, na pasipokuwa na uwezo, kile cha kukanyaga kwa miguu tulichoachiwa na wamisionari. Hapo ndipo historia nayo inapoomba nafasi ya kusema.

Kinanda cha mabomba hakikuzaliwa kanisani. Kilibuniwa Alexandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na fundi aliyeitwa Ctesibius, ambaye alitumia uzito wa maji kusukuma hewa ndani ya mabomba. Warumi walikipenda mno, wakakipeleka katika viwanja vyao vya michezo. Huko Zliten, nchini Libya, ilifukuliwa sakafu ya zama za Warumi iliyopambwa kwa picha za vijiwe vya rangi. Wamo watu wanaopigana kwa silaha, wamo wafungwa wanaotupiwa wanyama wakali, na pembeni ipo bendi inayowatumbuiza watazamaji: tarumbeta, pembe na kinanda. Ndiyo, kinanda.

Sasa fikiria Mkristo wa siku zile, ambaye ndugu zake katika imani waliuawa katika viwanja kama hivyo. Angewezaje kukisikia chombo kile na kuwaza mbingu? Mababa wa Kanisa walizikataa ala, na waumini wakaimba zaburi kwa sauti zao tupu. Sauti ya kinanda haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa mahali ilikosikika.

Mwaka 757 Kaisari Constantine wa 5 wa Constantinople alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafranki, kinanda kama zawadi. Kufikia karne ya 10 vinanda vilikuwa vimeingia katika baadhi ya makanisa na nyumba za watawa za Ulaya Magharibi. Waliokumbuka damu ya uwanjani walikuwa wamekufa zamani.

Lakini masikio ya watu hayasahau yote. Mwaka 1524 mjini Zurich, kinanda kilinyamazishwa tena, na safari hii na mtu aliyeujua muziki kweli kweli. Mhubiri Ulrich Zwingli alipiga ala nyingi, na nyumbani kwake aliendelea kuzipiga. Ila kanisani, kinanda na kwaya ya Kilatini vilimkumbusha Misa ya zamani aliyokuwa akiipinga. Mwaka 1527 kinanda cha kanisa lake kuu kikavunjwa. Watu wa Zurich walikaa bila kuimba ibadani hadi mwaka 1598. Na katika mwaka uleule wa 1524, Martin Luther, mpigaji mwingine wa ala za nyuzi, alikuwa akitoa vitabu vya nyimbo ili usharika wote uimbe! Wanamageuzi wawili, Biblia moja, masikio mbalimbali.

Tuje kwenye ngoma. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius wa 10 alitoa waraka juu ya muziki mtakatifu. Ndani yake alikataza piano, ngoma na matoazi kanisani. (Waraka huohuo haukuwaruhusu wanawake kuimba katika kwaya. Kwaya zetu nyingi zikiutii leo zitabaki na watu wanne.) Huku kwetu, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikwisha kuifukuza ngoma kwa sababu zao. Kwao ilikuwa sauti ya jando, matambiko na pombe. Na tusiwalaumu wao tu: mwongofu wa kwanza kijijini alijua vizuri zaidi kuliko mzungu yeyote kila mdundo ulikuwa unaita nini. Wakati huohuo Wakristo wa Ethiopia walikuwa wakimsifu Mungu kwa ngoma na kayamba za chuma, kama walivyorithi kutoka kwa wazee wao, wala hawakuona tatizo.

Mlango ulianza kufunguka kwa kishindo mwaka 1958, huko Kamina, Katanga. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na kwaya yake ya Wakongo waliimba Misa nzima kwa maneno ya Kilatini lakini kwa mahadhi na ngoma za Kongo. Wakaiita Missa Luba. Miaka 5 baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake, ingawa kinanda cha mabomba kiliendelea kusifiwa.

Kwa maoni yangu, mzee anayekunja uso akisikia gitaa karibu na madhabahu hakosei kuhusu alichokisikia. Mdundo uliochezwa baa Jumamosi usiku bado unanuka baa Jumapili asubuhi, na kijana anayeupiga analijua hilo. Mzee anakosea pale tu anapodai kwamba ni Mungu aliyeukataa. Hoja ya kuzungumza ni kama waumini walioketi mbele ya vipaza sauti wanaimba, au wanatazama tu wakisubiri kupiga makofi.

Katika miaka ya 1960, kwenye Chuo cha Theolojia cha Walutheri cha Makumira, karibu na Arusha, Bernard Kyamanywa aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa mahadhi ya Wahaya. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani, na umo pia katika kile cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani kilichotolewa miaka ya 1990. Huko Wajerumani huuimba kwa lugha yao, mara nyingine kinanda cha mabomba kikiwasindikiza.