Mwanafizikia wa Bonde la Rusizi

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Karibu na Cyangugu, mpakani mwa Rwanda na Kongo, upo mtambo wa Rusizi II, ulioanza kazi mwaka 1989 ili kuzipatia umeme Rwanda, Burundi na Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire. Nguvu ya maji yaporomokayo kugeuzwa umeme ni fizikia. Yafaa basi tumtaje mwana wa nchi hizi aliyezama katika elimu hiyo, kisha akaifundisha: Profesa Romain Murenzi.

Murenzi, Mnyarwanda aliyezaliwa mwaka 1959, alikulia Burundi na kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha nchi hiyo. Mwaka 1990 alipata udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji.

Utafiti wake ulihusu mawimbi madogo, ambayo sisi twaweza kuyaita viwimbi. Tangu Mfaransa Joseph Fourier, wataalamu walijua kuchambua mtikisiko kwa mawimbi marefu yasiyo na kikomo. Njia hiyo huonyesha ni mawimbi gani yamo, bali haionyeshi yako wapi. Kiwimbi huonyesha yote mawili. Murenzi alisaidia kuipeleka hesabu hiyo kwenye picha, ambako kiwimbi husogezwa, hukuzwa, hupunguzwa na kuzungushwa, hata kikatambua mwelekeo wa kila ukingo.

Kuanzia 1992 alifundisha Chuo Kikuu cha Clark Atlanta, Marekani. Mwaka 2001 aliuacha ukumbi huo akawa Waziri wa Elimu wa Rwanda, nchi ambayo mauaji ya kimbari ya 1994 yalikuwa yameangamiza walimu wengi. Kuanzia 2006 hadi 2009 alisimamia wizara ya sayansi na teknolojia. Mwaka 2011 aliteuliwa kuongoza, huko Trieste, akademia ya sayansi iliyoasisiwa mwaka 1983 chini ya Abdus Salam wa Pakistani.

Je, fizikia ilipoteza mtu? Hatudhani. Kitabu alichoandika na wenzake juu ya viwimbi kilitoka mwaka 2004, naye akiwa waziri. Hata hivyo kiliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Kumweleza mtoto wa Cyangugu, kwa lugha hii, namna mto wake unavyowasha taa, hiyo ni kazi iliyotuangukia sisi walimu.