Maoni Huku, Uamuzi Kule

Katika wadi ya Sagalla, jirani na mji wa Voi, mkutano wa bajeti hauendi mbali kabla ya tembo kutajwa. Mbuga za Tsavo zinachukua takribani asilimia 62 ya ardhi ya kaunti ya Taita Taveta, na mashamba yaliyo chini ya mlima yamekaa njiani mwa wanyama. Tangu 2009 baadhi ya wakulima wa kijiji cha Mwakoma wamezungushia mashamba waya wenye mizinga ya nyuki ili kuwazuia tembo. Lakini mkulima akisimama kuuliza habari za fidia, afisa wa kaunti humwambia, na kisheria hakosei, kwamba wanyamapori ni kazi ya serikali kuu, hivyo aende kwa Shirika la Wanyamapori (KWS). Chifu naye ni wa serikali kuu. Msimamizi wa wadi ni wa kaunti. Mwananchi ana tatizo moja na serikali mbili, na kila moja inamwelekeza kwa mwenzake.

Hiyo ndiyo hali ya Kenya tangu Katiba ya 2010. Ibara ya 10 imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa tunu ya taifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu kuwahusisha watu na nyingine kuhusu kuwapasha habari. Ila neno linalotawala ni maoni. Unaitwa utoe maoni, unaandika jina kwenye karatasi ya mahudhurio, unarudi nyumbani. Uamuzi unafanywa kwingine.

Vuka mpaka wa Taveta uingie Holili, wilaya ya Rombo, ukute desturi nyingine. Sheria ya Tanzania Namba 7 ya 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuwa ndio wenye kauli ya mwisho katika sera za kijiji. Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mapato na matumizi husomwa hadharani, na mtendaji wa kijiji anaweza kubanwa kwa swali la shilingi elfu hamsini. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haimgawii mtu ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Hapo mwanakijiji hatoi maoni. Anapitisha au anakataa.

Nisiisifu Tanzania mno. Fedha nyingi za shule na zahanati hupangwa juu, akidi mara nyingi haitimii, na katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 chama cha upinzani cha Chadema kilijitoa, chama tawala CCM kikabeba karibu viti vyote. Mwenyekiti asiye na mshindani hana haraka ya kuitisha mkutano.

Kinachoniudhi ni namna Kenya ilivyoazima kutoka Tanzania. Mwaka 2013 tulichukua nyumba kumi, mfumo ulioanzishwa na chama cha TANU miaka ya 1960, tukaufanya wa usalama: nani mgeni, nani amepanga chumba kwa nani. Desturi ya kusomewa hesabu hatukuichukua. Sheria yetu wenyewe ya 2012 inataja baraza la kijiji lenye msimamizi na wazee watatu hadi watano, chombo ambacho kaunti nyingi zimekiacha kwenye karatasi.

Hata hivyo Mkenya ana silaha moja nzito: mahakama. Mwaka 2014 Jaji Odunga aliifuta sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alitaka serikali iwafuate watu makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na redio za lugha za kienyeji. Kwa Sagalla hiyo ingekuwa redio inayosikika Mwakoma na tangazo linalosomwa baada ya ibada, si ukurasa wa gazeti lisilofika mlimani.

Mfano ninaoupendelea uko karibu zaidi, upande wa Mtito Andei. Kaunti ya Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianza mikutano vijijini ikapanda hatua kwa hatua hadi kaunti, na wakazi wakachagua kamati ya kusimamia kila mradi. Mkandarasi hakulipwa kabla kamati haijatia sahihi. Sahihi hiyo moja ina uzito zaidi kuliko mikutano kumi ya maoni, kwa sababu inagusa malipo.

Sagalla haihitaji kungoja sheria mpya. Makadirio ya bajeti hufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, lakini viwango vya fedha za kila idara huwa vimeshapendekezwa kwenye waraka wa sera ya fedha wa tarehe 28 Februari, na miradi yenyewe kwenye mpango wa mwaka unaowasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Anayetaka bomba la maji asisubiri kuitwa mwezi Mei. Amwendee msimamizi wa wadi Julai, kwa maandishi, na abaki na nakala.