Farasi Hakumponya Lis Hartel

Katika Olimpiki ya London mwaka 1948, timu ya Uswidi ilitwaa dhahabu ya dresaji, mchezo ambao mpandaji humwongoza farasi apige hatua za madaha kwa ishara ndogo ambazo mtazamaji hazioni. Mwaka uliofuata wakanyang'anywa. Farasi hawakuwa na kosa. Mpandaji mmoja, Gehnäll Persson, alikuwa sajenti aliyepewa cheo cha uofisa kwa muda tu ili ashiriki, na kanuni za wakati ule zilitaka maofisa wa jeshi peke yao. Sajenti haingii, raia haingii, mwanamke ndiyo kabisa.

Kanuni hiyo ilipofutwa, Olimpiki ya Helsinki ya 1952 ikawapokea wote. Miongoni mwa walioingia alikuwemo mwanamke wa Denmark mwenye miaka 31, Lis Hartel, ambaye hakuweza kupanda farasi wala kushuka bila watu wa kumbeba.

Hujafa hujaumbika. Mwaka 1944 Hartel alikuwa na miaka 23, mpandaji hodari, mjamzito wa mtoto wa pili, polio ilipomwangusha. Mtoto alizaliwa salama, lakini mama alilazimika kuanza upya: kuinua mkono, kutambaa, kisha kusimama kwa magongo. Kuanzia magotini kwenda chini, miguu haikurudi tena. Yeye akaomba apandishwe juu ya farasi.

Mpandaji wa dresaji huzungumza na farasi kwa miguu: akibana kidogo kwa muundi, farasi anajua aende upande gani. Hartel hakuwa na muundi wa kubana. Ilibidi yeye na farasi wake jike, Jubilee, watunge lugha nyingine, ya mgongo, makalio na uzito wa mwili unaohamishwa kidogokidogo juu ya tandiko. Mwaka 1947 walishika nafasi ya pili katika mashindano ya nchi za Skandinavia. Helsinki wakapata pointi 541.5, nusu pointi tu mbele ya Mfaransa André Jousseaume, na medali ya fedha ikawa yao. Mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Uswidi, ndiye aliyemsaidia Hartel kufika jukwaani. Saint Cyr alikuwa mmoja wa wale watatu walionyang'anywa dhahabu kwa ajili ya sajenti. Mwaka 1956 Hartel alipata medali nyingine ya fedha ya Olimpiki, mjini Stockholm.

Medali ya Helsinki ilikuja katika mwaka mbaya. Kuanzia katikati ya 1952, Copenhagen ilivamiwa na mlipuko mkubwa wa polio. Hospitali ya Blegdam ilipokea maelfu ya wagonjwa, wengi wao watoto, na mashine za kupumulia zilikuwa za kuhesabika. Daktari Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa watobolewe koromeo na kupulizwa hewa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu kando ya vitanda, wakibinya mifuko ya mpira usiku na mchana. Wengi waliokolewa, ila walibaki na viungo vilivyolegea, na chanjo ya polio haikuidhinishwa hadi 1955. Kwa familia za wagonjwa hao, habari za mama aliyepooza na kupata medali hazikuwa habari za michezo tu.

Waliolipeleka mbele wazo la kutumia farasi kuwasaidia wenye ulemavu walikuwa wataalamu wa fiziotherapia. Nchini Norway, Elsebet Bødtker alianza kuwapandisha farasi watoto wenye ulemavu katika miaka ya 1950. Muongo uliofuata, wenzake wa Ujerumani, Austria na Uswisi walitenganisha mambo mawili ambayo hadi leo huchanganywa. La kwanza ni tiba ya viungo ambayo mtaalamu hutumia mwendo wa farasi kama chombo, na mtoto hatakiwi kujifunza kuongoza. La pili ni mchezo wa kupanda farasi uliorekebishwa kwa ajili ya mwenye ulemavu. Mwaka 1969 vyama vya kitaifa vya upandaji wa aina hiyo vilizaliwa Uingereza na Marekani, na baadaye mchezo huo ukaingia Paralimpiki.

Siri iko kwenye mwendo. Farasi anapotembea taratibu, mgongo wake husukuma mbele, huyumba kushoto na kulia, na hujisokota kidogo, karibu sawa na nyonga za binadamu anayetembea. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hajawahi kupiga hatua peke yake huupata mwendo huo nyongani. Angalia kipindi kimoja cha tiba: mtu mmoja ameshika kamba mbele, wawili wanatembea ubavuni, mkono wa kila mmoja juu ya paja la mtoto. Mapaja yaliyokuwa yamebanana kama mkasi yanaanza kufunguka juu ya mgongo wenye joto. Farasi akikata kona, kiwiliwili cha mtoto kinalazimika kujirudisha katikati. Akisimamishwa ghafla, shingo inajikaza. Mtoto hahisi kwamba yuko kwenye mazoezi. Anadhani yuko safarini.

Faida zilizoonekana zaidi ni za usawa wa mwili, mkao na misuli mikubwa. Kwa watoto wenye usonji, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 uliwagawa watoto na vijana 127 katika makundi mawili kwa wiki kumi: moja lilipanda farasi, jingine lilifundishwa habari za farasi bila kumgusa. Waliopanda walitulia zaidi, wakapunguza hasira na kuongeza maneno. Hata hivyo si kila mtoto anafaa. Mwenye nyonga iliyoteguka, kifafa kisichodhibitiwa au shingo isiyo imara, kama baadhi ya watoto wenye sindromu ya Down, anaweza kuumia. Na farasi haponyi mtindio wa ubongo wala usonji. Hartel mwenyewe alishuka na medali, akarudi kwenye magongo yake.

Kwetu farasi ni wachache. Mbung'o na maradhi yake yamewazuia kwa karne nyingi. Lakini punda tunao. Mwingereza Elisabeth Svendsen, aliyeanzisha The Donkey Sanctuary mwaka uleule wa 1969, alifungua kituo huko Devon ambako watoto wenye mahitaji maalumu walipandishwa punda. Alipofika Lamu miaka ya 1980 akawaona punda wa vichochoroni, na mwaka 1987 shirika lake likafungua kituo cha kuwatibu pale mjini.

Punda wa Lamu amebeba mchanga, mawe na saruji. Kumzungusha mtoto uwanjani kwa nusu saa hakutamshinda. Kazi ipo kwa binadamu: kupata watatu wa kutembea naye na mtaalamu wa kumwangalia, wiki baada ya wiki, bila kumwahidi mama yake muujiza.