Mtaka cha Mvunguni: Historia Fupi ya Spana

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sidhani kwamba yuko mtu ayafahamuye maneno hayo kuliko fundi alalaye chali chini ya gari, oili ikimdondokea shingoni, naye akiitafuta kwa vidole bolti asiyoweza kuiona kwa macho. Leo nataka kuwaeleza, vijana wasomaji, jinsi vyombo vya fundi huyo vilivyopatikana; kwani kila kimoja kina asili yake, na asili hiyo ina mafunzo.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita gari langu kuukuu, lililoundwa Uingereza, lilianza kuvuja oili. Kila asubuhi nilikuta doa jeusi chini yake, pana kama sahani. Gari livujalo oili haliwezi kupuuzwa: oili ikipungua, vyuma vya injini husagana hata vikaharibika, na ile idondokayo huchafua udongo na maji. Sababu niliijua. Gasketi ya sampu, yaani lile karai la chini likusanyalo oili, ilikuwa imechakaa. Nilifungua bolti zote isipokuwa moja, iliyojificha nyuma, juu ya chuma kikingamacho injini. Nikatwaa spana ya milimita 13 kwa kuwa iliingia, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Spana ikateleza, ngozi ya vidole ikachunika, na pembe za kichwa cha bolti zikalika.

Fundi niliyemwita alipima akatikisa kichwa. “Mwalimu,” alisema, “hii ni ya nusu inchi. Spana kuingia si spana kufaa.” Nusu inchi ni milimita 12.7. Tofauti ya milimita 0.3 tu ndiyo iliyonishinda.

Kwa nini basi kuna inchi na milimita duniani? Hapo kale kila karakana ilikata hesi zake yenyewe, yaani ile mikato izungukayo mwili wa bolti. Bolti ya karakana moja haikuingia katika nati ya karakana nyingine. Karibu na mwaka 1800, Henry Maudslay wa London alitengeneza mashine iliyoweza kukata hesi zinazofanana sawasawa. Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya Maudslay, alipendekeza mwaka 1841 kwamba mafundi wote wa Uingereza watumie hesi za namna moja, zenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1864, William Sellers wa Philadelphia, Marekani, alipendekeza hesi zenye pembe ya digrii 60. Na mataifa ya Ulaya bara yalifuata kipimo cha mita. Hivyo kila taifa likapata utaratibu ndani ya mipaka yake, bali baina ya mataifa fujo ikabaki.

Hasara ya fujo hiyo ilidhihirika katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza na Wamarekani walipopigana upande mmoja na vyuma vyao havikuweza kubadilishana. Kwa hiyo mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana kutumia hesi moja ya inchi, yenye pembe ya digrii 60. Huku kwetu Kenya mafundi waliyaonja hayo yote. Magari ya Kiingereza yalikuja na bolti za inchi, za kale na za mapatano mapya. Kisha magari ya Kijapani yakaja na milimita. Fundi aliyeyatengeneza yote hakuweza kutegemea spana za namna moja.

Lakini kipimo ni nusu tu ya shida. Nusu ya pili ni nafasi. Hebu tazama spana ya mdomo wazi. Utaona kwamba mdomo wake haukunyooka na mpini, bali umepinda kwa digrii 15. Huo si urembo. Kichwa cha bolti kina pembe sita, na spana iliyonyooka huhitaji kuzungushwa digrii 60 kabla ya kushika upya. Iliyopinda, ukiigeuza juu chini kila mara, huhitaji digrii 30 tu. Spana ya pete yenye pembe 12 nayo hushika upya kila baada ya digrii 30, tena huuzunguka mviringo wote wa kichwa, kwa hiyo haitelezi upesi. Hata hivyo, mahali penye dhiki kubwa hata digrii 30 hazipatikani.

Dawa ya dhiki hiyo ilianza mapema. Mwaka 1863, J. J. Richardson wa Vermont, Marekani, alipata hataza ya spana ya racheti, ambayo mpini wake huenda na kurudi pasipo kuondolewa katika nati. Racheti yenye meno 72 huridhika na digrii 5 tu. Mwaka 1920, Joseph Johnson wa Milwaukee alishirikiana na mwenziwe kuuza soketi 10 na mipini 5 yenye kubadilishana. Yaani vipande 15 vilifanya kazi ya spana 50. Tangu hapo fundi aliweza kuunda chombo chake kulingana na mahali palipo na bolti: soketi fupi au ndefu, kirefusho kifupi au kirefu.

Kiungo chenye kupinda, kitumiwacho pale soketi isipoweza kunyooka, kina asili ya ajabu zaidi. Mwaka 1676, mwanasayansi Robert Hooke wa Uingereza alikieleza kiungo cha namna hiyo katika maandishi yake juu ya vyombo vya kutazamia jua. Basi kilichohusiana na mambo ya mbinguni leo hutumika chini ya lori, matopeni.

Baada ya kuifikia bolti, jaribu jingine ni kuikaza. Wengi hudhani kwamba ikikazwa sana haitavuja. Hilo ni kosa. Bolti ikikazwa kupita kiasi, gasketi hupondeka, karai hupinda, na oili hutoka palipopinda. Mwaka 1918, Conrad Bahr, aliyefanya kazi katika idara ya maji ya jiji la New York, alibuni spana yenye kupima nguvu ya mkono, ili bolti za mabomba zisikazwe kupita kadiri. Chombo cha mabomba kikawa chombo cha injini.

Sasa nirudi kwa fundi wangu. Gari lilikuwa limesimama juu ya vigingi vya chuma, kwani hakukubali kuingia chini ya gari lishikwalo na jeki peke yake. Alisafisha bolti, akaitia mafuta, akaiacha mpaka kesho yake. Nilimwonyesha kiungo cha kupinda, nikidhani nimefikiri vema. Alikataa: kiungo kikipinda sana hupoteza nguvu, nacho huivuta soketi upande, na pembe za bolti ile zilikwisha kulika. Badala yake alilegeza nati mbili za miguu ya injini, akaweka gogo na jeki chini ya sanduku la gia, akaiinua injini kadiri ya vidole viwili. Nafasi ikapatikana. Akachukua soketi ya nusu inchi yenye pembe sita, ishikayo ubapa wa kichwa, akaigonga taratibu mpaka ikakaa, akatia kirefusho kilichonyooka. Bolti ikalia mara moja, ikatoka.

Wakati wa kufunga alizitia bolti zote kwa vidole kwanza, ndipo akazikaza kidogo kidogo, toka katikati kwenda pembeni, bolti iliyolika akiibadilisha kwa mpya. Asubuhi iliyofuata nilitazama chini ya gari. Ardhi ilikuwa kavu.

Vijana, watu niliowataja walikabili shida zilizo wazi: nati isiyoingia, mkono usio na nafasi, bomba livujalo. Hawakuongeza nguvu, waliketi wakaichungua shida. Fundi wangu, ambaye jina lake halimo katika vitabu, alifanya vivyo hivyo chini ya gari langu. Nanyi mtakaposhindwa na bolti, au na hesabu ngumu, msikimbilie kuvuta. Pimeni kwanza, mtazame nafasi iliyopo, ndipo mchague chombo.