Chombo Kilichozibwa: Uthibitishaji wa Uhifadhi wa Tungamo, 1673–1908

Vitabu vingi vya kemia humtaja Antoine Lavoisier kuwa ndiye aliyethibitisha kwamba tungamo halipotei wala haliongezeki katika mmenyuko wa kemikali, kisha huhamia mada nyingine. Uthibitisho huo una historia ndefu zaidi, na kikwazo chake kikuu kilikuwa chombo kuliko mizani.

Mwaka 1673 Robert Boyle alieleza majaribio ya kuchoma metali ndani ya vyombo vya kioo vilivyozibwa. Metali iliongezeka uzito, naye akahitimisha kwamba chembe za moto zilipenya kioo. Alikuwa amefungua chombo kabla ya kupima, na hewa ikaingia. Mwaka 1774 Lavoisier alichoma bati, akapima chombo kingali kimezibwa: uzito haukubadilika. Alipokifungua, hewa iliingia kwa kasi, na ndipo uzito ulipopanda.

Zaidi ya karne moja baadaye, Hans Landolt wa Berlin hakuridhika na ushahidi huo. Alitumia mirija ya kioo yenye miguu miwili, kila mguu ukiwa na kemikali yake. Mrija ulizibwa, ukapimwa, ukainamishwa ili kemikali zichanganyike, kisha ukapimwa tena. Matokeo ya 1893 yalionyesha upungufu mdogo katika baadhi ya mimenyuko. Mwaka 1901 Adolf Heydweiller naye alipata upungufu. Kanuni iliyokwisha kuingia vitabuni ilikuwa mashakani, na Landolt, kwa sifa yake, hakuuficha upungufu huo wala kuushangilia.

Chanzo kilikuwa joto la mmenyuko. Liliondoa utando wa unyevu ulioganda juu ya kioo, likakipanua kioo chenyewe, nacho kilichelewa kurejea ukubwa wake. Chombo kilichopanuka husukuma kando hewa nyingi zaidi, hivyo mizani husoma pungufu ilhali tungamo la vilivyomo ndani ni lile lile. Mwanafunzi aliyepewa neno “uzito” pekee kwa dhana zote mbili hawezi kuieleza hatua hii; atalazimika kusema kwamba kitu kilichopungua hakikupungua.

Landolt aliviacha vyombo vipoe na kutulia kwa muda mrefu kabla ya kuvipima. Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka 76, alitangaza kwamba katika mimenyuko 15 hakuna badiliko lililozidi kosa la upimaji, takribani miligramu 0.03.