Wilaya Isiyo na Halmashauri

Zaidi ya nusu ya ardhi ya Alaska, jimbo la kaskazini kabisa la Marekani, haina serikali ya wilaya. Sheria huliita eneo hilo Unorganized Borough. Linakaribia ukubwa wa Tanzania nzima, lakini sensa ya 2020 ilihesabu humo watu wasiofika 80,000.

Mwenye haraka atatafsiri "wilaya isiyopangwa", na msomaji ataona vurugu. Hakuna vurugu. Miji kama Bethel, kando ya mto Kuskokwim, ina serikali zake, na makabila ya wenyeji yana mabaraza yao. Kinachokosekana ni chombo cha ngazi ya wilaya: madiwani, bajeti, uwezo wa kutoza kodi. Kwa hiyo nashika "wilaya isiyo na halmashauri". Mtanzania ataielewa upesi, maana halmashauri za wilaya zilifutwa nchini mwake 1972 zikarudi 1984, na miaka hiyo yote wilaya zilikuwepo. "Kaunti" haifai: walioandika katiba ya Alaska waliliepuka neno hilo kwa makusudi, na kwa Mkenya kaunti bila bunge lake haipo.

Nani basi anaamua? Katiba hiyo, iliyoanza kazi 1959, inalipatia Bunge la jimbo mamlaka yote ambayo baraza la wilaya lingekuwa nayo. Yaani wabunge wanaokutana Juneau, wengi wao wa kutoka kwingine kabisa, ndio madiwani wa watu hawa.

Tazama ulinzi. Vijiji vingi havina barabara ya kuviunganisha na kwingine, kwa hiyo askari wa jimbo huja kwa ndege ndogo. Hali ya hewa ikichafuka, haji. Anayebaki, kama yupo, ni afisa usalama wa kijiji, ambaye hadi sheria ya 2014 hakuruhusiwa kubeba bunduki. Mama anayepiga simu usiku akiomba msaada anastahili zaidi ya hapo. Shule nazo zilidaiwa mahakamani: kesi ya mwanafunzi Molly Hootch na wenzake iliisha kwa mapatano ya 1976, jimbo likaahidi sekondari kwa vijiji 126.

Penye mali ya kutozwa, halmashauri ilikuja. Eneo la North Slope liliunda yake 1972, likala kodi ya mafuta ya Prudhoe Bay. Kijiji kinachoishi kwa samaki na mawindo kingetoza nini? Wapo wakazi wanaoikataa halmashauri kwa sababu hiyo hiyo: kodi ingeangukia nyumba zao.